Barua ya wazi kwa mgombea udiwani: kijiji cha vinyago Mwenge kisipelekwe ghorofani

Kwa Mgombea Udiwani wa kata yetu,
Mwenge, Dar es Salaam.

YAH: PENDEKEZO LAKO LA KUJENGA JENGO LA BIASHARA KATIKA ENEO LA WACHONGAJI WA VINYAGO

Ndugu Mgombea,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tumekuandikia barua mbili kupitia ofisi yako ya kampeni, tukaomba pia kuonana nawe kabla mikutano ya hadhara haijapamba moto. Hatukupata jibu. Wakati huo huo pendekezo lako limerudiwa jukwaani, kila mara likiongezewa kidogo. Ndiyo maana leo tunaandika hadharani, ili nawe utujibu hadharani, mbele ya watu walewale unaowaomba kura.

Kwa jinsi tulivyolisikia kwa kinywa chako, pendekezo ni hili. Mabanda ya vinyago yavunjwe. Pajengwe jengo la ghorofa nane, maegesho yakiwa chini ya ardhi, na supamaketi na benki zikiwa usawa wa barabara. Ghorofa ya tatu iwe "kituo cha sanaa" chenye vizimba vya mita 2 kwa 2, na wenye mabanda ya sasa "wapewe kipaumbele". Kama tumekosea mahali, utusahihishe.

Tunaelewa kinachokusukuma. Barabara ya mwendokasi awamu ya nne inapita Sam Nujoma, bei ya ardhi Mwenge imepanda, na anayepita kwenye gari anaona mabati yaliyochakaa tu. Mwanasiasa anayeliangalia eneo hili na kutaka litoe zaidi hafanyi kosa. Kosa limo katika pendekezo lenyewe: limechorwa kana kwamba Mwenge ni safu ya maduka yanayouza vinyago. Hoja zetu ni hizi.

1. Mwenge ni karakana kwanza, duka baadaye.

Kinyago kimoja cha mpingo hupita mikono mingi kabla hakijafika rafuni. Gogo linashushwa kwenye kirikuu, linakatwa kwa msumeno kwa urefu unaotakiwa, na sehemu nyeupe ya nje inatolewa kwa shoka na tezo mpaka kiini cheusi kionekane. Mchongaji huketi chini, gogo likiwa katikati ya miguu, akilibana kwa nyayo na kuligeuza kwa mkono wa kushoto, huku tezo ikishuka kwa mkono wa kulia. Umbo likishatoka, zinaingia patasi na nyundo kwa kutoboa na kuchimba. Kwa kinyago cha ujamaa, kile cha watu waliopandiana na kushikana kuuzunguka mti mmoja, kutoboa peke yake kunakula siku nyingi, kwa sababu kila uwazi kati ya mkono na bega unachimbwa kwa patasi nyembamba kutoka pande mbili mpaka zikutane. Baada ya hapo tupa, kisha msasa, kuanzia ule mkwaruzo wa namba 60 au 80 hadi ule laini wa 240 na kuendelea. Mwisho nta na brashi.

Anayepiga msasa kwa kawaida si aliyechonga. Anayeuza si yeyote kati ya hao wawili. Yupo wa kufunga mizigo, anayejua kinyago chembamba kinavyojazwa magazeti na maranda ndani ya kasha kisivunjike mkono njiani. Yupo fundi wa kunoa, na yupo mama lishe ambaye maranda na vipande vya mbao ndiyo kuni zake. Wote wamo ndani ya hatua chache kutoka kwa mwenzao. Kinyago kikivunjika sikio mbele ya mteja, kinapelekwa nyuma ya banda, kinarekebishwa na kurudi mteja akiwa bado anakunywa soda.

Kizimba cha mita 2 kwa 2 kinamtosha mtu mwenye meza na rafu. Mchongaji wa gogo la mita moja na nusu anahitaji nafasi hiyo yote kwa ajili ya mwili wake, gogo lake na mzunguko wa tezo. Bado hujaweka gogo la pili linalosubiri, vifaa, wala bidhaa iliyokwisha. Kwa mchoro wako, uchongaji utahamia uani kwa watu, pengine Kibaha au Mbagala, na ghorofa ya tatu watabaki wachuuzi. Baada ya hapo hakuna sababu ya mtu kuja Mwenge. Vinyago vilivyopangwa rafuni vinapatikana uwanja wa ndege na kwenye maduka ya hoteli.

2. Uzito.

Hapa tungependa umwite mhandisi yeyote unayemwamini na umsomee aya hii.

Mpingo ni miongoni mwa miti mizito kabisa duniani. Mita moja ya ujazo ina kilo kati ya 1,200 na 1,300, na kipande kikitupwa majini kinazama. Gogo la kipenyo cha sentimita 25 na urefu wa mita moja lina kilo 60 hivi. Ukiyapanga magogo hayo mpaka kimo cha mita moja, hata ukitoa nafasi tupu zilizo katikati yake, kila mita ya mraba ya sakafu inabeba kilo 750 au zaidi. Sakafu ya duka kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 400 kwa mita ya mraba, na ya ofisi hupungua hapo. Kwa hiyo rundo la kawaida kabisa la mchongaji mmoja linakaribia mara mbili ya mzigo ambao sakafu ya duka imekusudiwa kuubeba, kabla hujahesabu watu, kuta na rafu.

Zege linaweza kusanifiwa kubeba uzito huo. Lakini lisiposanifiwa hivyo tangu kwenye msingi na nguzo, halirekebishiki baadaye kwa kubandika tangazo la "usizidishe mzigo". Jiji hili halihitaji kukumbushwa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo liliporomoka Kariakoo na watu wakafa. Hatusemi sababu ni hiyo hiyo. Tunasema jengo lisilosanifiwa kwa matumizi yake halisi ni hatari, na matumizi halisi ya wachongaji hayajatajwa popote ulipoongea.

Na hayo magogo yanapandaje? Lifti ya abiria haibebi gogo la kilo 100 lenye matope na magamba. Lifti ya mizigo haikutajwa.

3. Kiyoyozi, nyufa na vumbi.

Wachongaji wengi hupendelea mpingo ungali mbichi, kwa kuwa ukikauka unakuwa mgumu kama mfupa na unaangusha makali ya patasi. Mti mbichi una maji ndani. Nje ikikauka haraka kuliko ndani, inasinyaa wakati kiini bado kimevimba, na gogo linapasuka. Mara nyingi ufa huanzia kwenye ncha, kwa kuwa maji hutoka upesi zaidi pale nyuzi za mti zilipokatwa. Ndiyo maana ncha hupakwa nta au rangi, magogo hukaa kivulini, na kazi iliyofika nusu hufunikwa gunia lenye unyevu usiku kucha. Hewa ya Dar es Salaam yenyewe inasaidia, kwa kuwa ina unyevunyevu karibu mwaka mzima.

Jengo la vioo lenye kiyoyozi linaunyonya unyevu huo. Kinyago kilichochongwa Jumatatu kinaweza kuwa na ufa usoni Ijumaa, na uso uliopasuka haurudishwi kwa gundi na masizi ukabaki na bei yake. Ukizima kiyoyozi kwenye jengo ambalo madirisha yake hayafunguki, watu hawatakaa humo.

Kisha kuna vumbi. Vumbi la mpingo, kama la jamii yake yote ya Dalbergia, linawasha ngozi na linaweza kuleta pumu kwa watu ambao miili yao haipatani nalo. Tangu mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Sasa hivi linapungua kwa sababu msasa unapigwa nyuma ya mabanda, kwenye upepo. Hata huko barakoa hazitoshi, na hilo tunalikiri. Kulifungia vumbi hilo ndani ya ghorofa bila mitambo ya kulivuta ni kuuhamisha ugonjwa kutoka uani kuuleta sebuleni. Mitambo hiyo inagharimu fedha na umeme, na gharama zake zitaishia kwenye kodi ya kizimba.

4. Mteja hapandi.

Machinga Complex pale Ilala ilijengwa kwa mkopo wa NSSF ili kuwaondoa wafanyabiashara wadogo barabarani. Vizimba vya juu vilikaa muda mrefu bila watu, kwa sababu mteja wa bidhaa ndogo haendi kuitafuta ghorofani, na muuzaji asiyeonwa hauzi. Wafanyabiashara wakashuka wenyewe. Somo hilo limo humu humu jijini, nalo limelipiwa kwa fedha za wananchi.

Kwa vinyago tatizo ni kubwa zaidi. Mteja mwenye fedha anaogopa kuuziwa mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu ukaitwa mpingo. Hofu hiyo ina msingi, ujanja huo upo. Kinachomwondolea wasiwasi ni kumwona mtu akichonga: anaiona sehemu nyeupe ikitoka na nyeusi ikibaki, analiinua gogo na kuusikia uzito wake. Dakika hizo 10 ndizo zinazouza. Zikiondoka, kinabaki kibandiko cha bei na mteja anayeomba apunguziwe nusu.

5. Miezi ya ujenzi.

Hujasema ujenzi utachukua muda gani wala watu watakaa wapi. Jengo la ghorofa nane lenye maegesho chini ya ardhi haliishi ndani ya mwaka mmoja, hata fedha zikiwa tayari. Mchongaji akihamia mahali pengine kwa miaka miwili, mpiga msasa wake anatafuta kazi nyingine, dereva anayeleta watalii anajifunza njia mpya, na msambazaji wa magogo kutoka Kilwa au Tunduru anapeleka mzigo kwingine. Siku ya kukata utepe utakuwa na jengo, lakini mnyororo uliokuwepo utakuwa umekatika kila pingili.

6. Neno "kipaumbele".

Kipaumbele hakina mita za mraba, hakina bei, hakina tarehe. Tunataka kujua nani atahesabiwa. Orodha ya wenye mabanda inawaacha wachongaji wanaokaa nyuma bila fremu, wapiga msasa na wafungaji. Hao ndio wengi.

Kuhusu fidia, kanuni za ardhi za mwaka 2001 zinataja, pamoja na thamani ya ardhi na majengo, posho ya pango ya miezi 36, faida halisi ya biashara kwa mwezi mara 36, na gharama ya kusafirisha mzigo wa tani 12 kwa umbali usiozidi kilomita 20. Tani 12 zinatosha kuhamisha nyumba ya familia. Kwa mpingo, tani 12 hazifiki mita 10 za ujazo. Na faida hupimwa kwa hesabu zilizokaguliwa pale zinapohitajika, ilhali mpiga msasa hana hesabu zilizokaguliwa. Ana daftari, tena si kila siku. Ukiachia sheria ifanye kazi yenyewe bila makubaliano ya ziada, atakayelipwa ni mwenye karatasi, na mwenye mikono ataondoka bure.

Majibu tunayoyatarajia

Utasema eneo ni la umma na wachongaji hawana hati ya kulimiliki. Hata ingekuwa hivyo kwa kila kipande, mali ya umma ndiyo hasa inayotakiwa kuamuliwa kwa kusikiliza umma. Kubadili matumizi ya ardhi kuna utaratibu wake chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na mradi mkubwa una tathmini ya mazingira chini ya sheria ya mwaka 2004. Tunachoomba ni utaratibu huo ufuatwe kabla tingatinga halijafika.

Utasema wengi wa waliopo siku hizi ni wauzaji tu, na kwamba mawe yaliyochongwa yanayouzwa pale yanatoka Kisii, Kenya. Ni kweli kwa sehemu. Wachongaji wamepungua kwa sababu mpingo wenye unene umekuwa haba. Mti huu huchukua miaka 70 na zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa, na viwanda vya Ulaya vinavyotengeneza klarineti na obo, ala za muziki za kupuliza, vinautaka huohuo. Wachongaji kupungua ni sababu ya kuwapa nafasi waliobaki. Mchoro utakaowamaliza hauwezi kuitwa kituo cha sanaa.

Utasema pia eneo ni la hatari kwa moto. Hapo tunakubaliana nawe moja kwa moja. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, na soko la Karume likafuata Januari 2022. Mwenge kuna maranda makavu, tina za rangi na tina za kupunguzia rangi kwa wachoraji wa Tingatinga, na nyaya zilizounganishwa banda hadi banda. Lakini dawa yake haihitaji ghorofa nane. Kila banda liwe na bureka yake na waya wa kipimo sahihi. Maranda yazolewe kila jioni badala ya Jumamosi. Tina za rangi zikae kwenye chumba kimoja cha matofali, mbali na majiko. Iachwe njia ya mita 4 isiyo na meza wala magogo ili gari la zimamoto lifike nyuma, na bomba la maji ya zimamoto liwe mwanzoni mwa njia hiyo. Kazi hii inaweza kuanza mwezi wa kwanza wa udiwani wako, kabla mwekezaji hajapatikana.

Tunachoomba

(a) Uweke mchoro wa jengo na makadirio yake hadharani, pale Mwenge penyewe, kabla ya siku ya kupiga kura. Uonyeshe sakafu ya wachongaji imesanifiwa kwa uzito gani.

(b) Utamke kwamba karakana zitabaki usawa wa ardhi, zikiwa wazi kwa upepo na kuonekana kutoka njia ya wateja. Supamaketi na benki ndizo zipande. Mtu anayekwenda benki anajua anachokifuata, na karatasi zake hazina kilo 60.

(c) Ujenzi, kama utakuwepo, ufanyike kwa nusu: upande mmoja ujengwe na kukamilika, watu wahamie, ndipo wa pili uguswe. Unachukua muda mrefu zaidi na mkandarasi hataupenda. Lakini kazi haitasimama hata siku moja.

(d) Ifanyike sensa ya kila anayefanya kazi pale, kwa jina na kwa kazi yake, si kwa banda. Orodha ibandikwe, watu wapewe muda wa kuipinga, na ndiyo iwe msingi wa nafasi na fidia.

(e) Kodi ya karakana iandikwe kwenye mkataba kwa shilingi, pamoja na kiwango cha juu inachoweza kupanda kwa mwaka, kwa muda usiopungua miaka 10.

(f) Kiwepo chumba kimoja cha huduma za mpingo. Gogo la halali linasafiri na hati kutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu, na tangu Januari 2017 mpingo umo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo kuutoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Bidhaa iliyokamilika isiyozidi kilo 10 za mpingo kwa mzigo mmoja husamehewa kibali hicho, lakini kinyago kimoja kikubwa cha ujamaa kinaupita uzito huo kirahisi. Mnunuzi akiambiwa azunguke ofisi mbili tatu ili apate kibali, anachagua kidogo au anaacha. Mizani na ofisa anayekuja siku mbili kwa wiki vingeongeza mauzo ya vinyago vikubwa kuliko ghorofa yoyote. Kama unatafuta jambo jipya la kuahidi jukwaani, chukua hili. Hatutadai tulilisema sisi.

Tunaomba majibu ya maandishi, hoja kwa hoja, siku 7 kabla ya uchaguzi. Tuko tayari kukutembeza siku yoyote ya kazi, asubuhi, wakati magogo yanaposhushwa. Uje na mhandisi wako na futi ya kupimia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wachongaji, wapiga msasa, wachoraji, wafungaji mizigo na wauzaji,
Kijiji cha vinyago, Mwenge.